Kituo cha ushauri wa sheria bure hapa Malindi: tulivyopokewa na mjomba, na mambo ya kujua kabla hujaenda

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimewanyima makusudi na sababu nitasema huko mbele, lakini nianze na zuri maana wanastahili. Mjomba wangu alishachukua bahasha yake, akatia saini, akamwachia Mungu, na saa hii ana hesabu ya haki zake imeandikwa mstari kwa mstari na hakuna aliyemuomba hata hela ya chai. Kwa mji huu ambapo kugongewa muhuri tu unalipa, hilo si dogo.

Habari yenyewe iko hivi. Mjomba alikuwa mlinzi wa villa moja huko Casuarina, usiku analinda, mchana akiamka anamwagilia bustani, anasafisha bwawa, wageni wakija anabeba mizigo, yani zile kazi tatu kwa mshahara mmoja ambazo kila mtu wa huku anazijua. Miaka 11. Mwenye villa ni Mtaliano mzee, mtu mzuri tu, mjomba mpaka leo akimtaja anamwombea dua, lakini baada ya Korona akawa haji tena, mambo yote yakabaki kwa menija, na mwisho villa ikauzwa. Wakati wa kusi, hakuna mgeni hata mmoja, menija akawaita wote watatu, mjomba na mpishi na dada wa usafi, akampa kila mtu elfu ishirini na karatasi ya Kiingereza waweke saini. Karatasi inasema nimelipwa haki zangu zote na sina madai mengine. Hakuna aliyewasomea. Mjomba akasaini, akabeba godoro lake na redio akarudi zake Maweni.

Sasa barazani kila mtu ni wakili. Huyu anasema dai sarvisi yako, yale malipo ya miaka uliyotumikia, siku 15 kila mwaka, huyu anasema ushasaini umekwisha, mwengine anamwambia nenda kamtafute Mtaliano kwa ubalozi. Akatokea na jamaa mmoja anayejiita wa ofisi ya wakili, sijui ofisi gani maana hata kadi hana, akataka elfu tano za kufungua faili, risiti utapata baadae. Mjomba alikuwa yuko tayari kuzitoa katika zile zile elfu ishirini. Ndo nikamshika mkono nikamleta hapa kituoni.

Kwanza mjue mkifika hamuoni wakili. Anayewapokea ni paraligo, msaidizi wa sheria, mtu aliyefundishwa sheria za kila siku lakini si wakili, hawezi kusimama mahakamani kwa niaba yako. Wakili anakuja siku maalum kwa wiki na anaona yale mafaili ambayo msaidizi ameshayachambua. Watu wengi wakisikia hivyo wanavunjika moyo, nimeona mama mmoja akainuka akaenda zake, na mimi nasema alikosea kwa sababu kwetu sisi huyo msaidizi ndiye aliyefanya kazi yote. Binti mdogo tu, sidhani kama amefika thelathini, lakini adabu anayo na sheria anaijua. Amemwamkia mjomba shikamoo baba, akamvutia kiti, akamuuliza kama anasikia vizuri masikio yote mawili, na muda wote alikuwa anaongea na mjomba, si na mimi. Hilo nimelipenda sana. Ofisi nyingi ukimpeleka mzee wanaongea na wewe uliyemleta, mzee anakuwa kama mzigo.

Halafu akamwacha aongee. Mjomba akiongea anazunguka, ataanzia mvua za El Niño ndo afike kwa menija, na yeye hakumkata. Alipomaliza akamuuliza swali moja tu: "Baba, wewe ulifukuzwa kwa kosa, ama kazi yenyewe ndo iliisha?"

Mjomba akasema mwanangu mi sina kosa lolote, nyumba imeuzwa.

Basi hapo ndo kesi ilipogeuka. Akatueleza kwamba ile sarvisi inayosemwa barazani, mtu aliyeandikishwa NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, kwa kawaida haipati, sheria ya ajira ya 2007 imemtoa kwa sababu inahesabu ana akiba yake kule. Na mjomba ana kadi ya NSSF. Nikaona uso wa mzee umeshuka. Lakini akaendelea, kazi ikiisha yenyewe, si kwa kosa la mfanyakazi, hiyo inaitwa ridandansi na ina malipo yake mbali, si chini ya siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliotimia, na hiyo NSSF haiizuii. Juu yake mwajiri alitakiwa ampe notisi ya maandishi yeye na afisa wa leba pia, na kama hakumpa notisi basi amlipe mshahara wa mwezi wa notisi, na livu, yani likizo, alizobakisha ageuziwe pesa. Kwa hivyo zile siku 15 za barazani zipo, ila mlango wake ni mwengine. Ungeenda na barua inadai sarvisi, menija angejibu kwa mstari mmoja, huyu ana NSSF, na mngerudi nyumbani.

Mshahara wa mjomba ulikuwa 18,000. Akapiga hesabu mbele yetu kwa kalamu: nusu mwezi ni 9,000, mara 11 ni 99,000. Mwezi wa notisi 18,000. Jumla 117,000. Toa zile 20,000 za bahasha, zinabaki 97,000 bila kugusa livu. Akatuambia kuna wanaogawanya mshahara kwa siku 30 na kuna wanaogawanya kwa 26 na ukigawanya kwa 26 pesa zinapanda kidogo, kwa hiyo msishangae mkisikia hesabu tofauti kwa afisa wa leba.

Na mambo mengine alimwambia hapana, wazi wazi. Hausi alawansi? Hapana baba, ulikuwa unalala pale pale kwenye chumba cha mwajiri. Mshahara ulikuwa chini ya kiwango cha serikali? Akatoa ile orodha ya mishahara ya chini, akaenda mpaka kwenye mlinzi wa usiku, akaangalia safu ya miji iliyokuwa na manispaa maana Malindi iko humo, akasema hapa menija hana kosa. Livu za miaka yote 11? Akasema ni siku 21 kila mwaka ndio, lakini madai ya vitu vilivyokuwa vinajirudia rudia kazini yana kikomo cha miezi 12 baada ya mambo kuisha, na ya zamani sana kuyathibitisha ni shida, tuweke za mwisho tusijichoshe. Mimi nilikuwa nataka tuandike kila kitu, tutie na fidia ya miezi 12 maana nilisikia mahakama inaweza kutoa mpaka mishahara ya miezi 12 kwa kuachishwa kinyume cha sheria. Akacheka kidogo, akasema dada hiyo 12 ndo dari, usiingie nayo kichwani kama ndo sakafu.

Lile la karatasi iliyosainiwa ndo lilinifanya nimwamini. Angeweza kutupa moyo tu. Lakini alimwambia mjomba hiki ndicho kidonda chako, karatasi za namna hii kuna mahakama imezikubali na kuna imezikataa, inategemea kama mtu alielewa anachosaini na alisaini kwa hiari yake, wewe hujui Kiingereza na hukusomewa na pesa ulizopewa hazifiki hata robo, tutasema hivyo, lakini usilale ukijua umeshinda. Watu wazima wanapenda kuambiwa hivyo. Mjomba alitoka pale amechangamka kuliko alivyoingia na alikuwa ameambiwa hapana mara tatu.

Kuhusu ushahidi. Mkataba wa maandishi hana, nani wa villa anao. Tuliambiwa hilo lisitutishe, kazi ya kuandika mkataba na kuweka rekodi sheria imemwekea mwajiri, na akishindwa kutoa maandishi mahakamani yeye ndo anabeba mzigo wa kukanusha anayosema mfanyakazi. Na ile ya "hawa walikuwa vibarua tu", ambayo menija alikuja kuisema kweli, nayo ina jibu, kibarua akifanya kazi mfululizo mwezi mzima au zaidi sheria inamgeuza awe na haki ya notisi kama mtu wa mwezi. Lakini bado unatakiwa uonyeshe kwamba ulikuwepo. Tangu Korona mshahara ulikuwa unakuja kwa M-Pesa, kwa hiyo tukatoa steitimenti, unabonyeza *334# au unatumia ile app, inakuja kwa imeli, ina namba yake ya siri ya kuifungua inayotumwa kwa meseji, msiifute hiyo meseji kama nilivyomwona kaka mmoja pale saiba akihangaika.

Ya kabla ya hapo ilikuwa keshi mkononi. Hapo mjomba akaingiza mkono kwenye mfuko wake wa plastiki akatoa daftari. Sikuwa najua analo. Daftari la shule la kurasa 96, jalada limeliwa na chumvi, ndani ameandika kwa kalamu ya risasi na biro za kila rangi kila kilichoingia getini: boza la maji saa nne, fundi wa bwawa, mgeni na watoto wawili, gesi mitungi miwili, menija hakuja. Mwandiko wake ule mkubwa wa mtu aliyesoma gumbaru. Yule binti akalifungua polepole, kurasa zilikuwa zimegandana, kila akifika mahali menija ameweka saini ya kupokea kitu anaweka kikaratasi cha manjano. Vikawa vingi. Akasema baba hili usimpe mtu yeyote, hata mimi, mimi nataka kopi tu. Akatoa kopi zote kwa mashine yao, hakutulipisha, ingawa wengine wanaokuja na faili nene nasikia wanaombwa watoe wenyewe nje.

Steitimenti ya NSSF nayo ilileta jingine. Kulikuwa na miezi mingi sana tupu, na mjomba anasema alikuwa anakatwa kila mwezi, ile ya zamani ya 200 kabla viwango havijabadilishwa 2023, mwajiri naye aongeze 200. Wakatwambia hilo lina njia yake kule NSSF kwenyewe, mwajiri asiyepeleka michango anadaiwa na faini juu, na wakatuandikia barua ya kupeleka. Hilo bado linaendelea na linaenda mwendo wa kobe.

Sasa ya nyota ya tano.

Kile chumba cha kuongelea kimekatwa kwa plaiwudi. Plaiwudi ambayo haifiki hata darini. Ukikaa benchi la kungojea unasikia kila neno la mtu aliye ndani, na watu hawaendi pale kueleza bei ya nyanya, wanaenda na mambo ya ndani ya nyumba zao, talaka, kupigwa, watoto wanaokanwa na baba zao. Nimesikia ya mama mmoja ambaye namjua kwa sura, tunakutana sokoni, na sitaandika hapa ni nini lakini nilitoka nje nikasimama juani kwa sababu ilikuwa ni aibu kukaa. Malindi ni ndogo. Kituo cha sheria ambacho siri inatoka mpaka benchini kinafukuza wale wale wanaokihitaji zaidi, na redio tu iliyowashwa pale nje ingesaidia. Niliwaambia, wakasema ni kweli wanasubiri pesa za ukarabati. Plaiwudi mbili na misumari jamani.

Fomu ya kujaza ni Kiingereza tupu. Mnasaidiwa kujaza ndio, lakini mjomba ndo kwanza ametoka kusaini karatasi ya Kiingereza asiyoielewa, halafu anapewa ingine. Aliishika akaniangalia. Nilitaka kucheka nikashindwa.

Foleni haina nambari. Anayewahi ndo anayeandikwa kwenye karatasi, na ile karatasi inazunguka mikono, jina lako linaweza kushuka. Simu yao mara nyingi haishikwi, bora uende mwenyewe. Anayezungumza Kigiriama vizuri ni mmoja, akiwa hayupo wazee wa Ganda na Kakuyuni wanabaki kusaidiwa na mtu yeyote aliyeko benchini, tunarudi kule kule kwenye siri.

Kwa yale wasiyoyafanya, msiende mkagombana nao. Kuna kaka alikuja anataka wamshtakie mtu aliyemkopesha pesa za injini ya boti, alikuwa anasema kwa sauti mwenyewe kwa hiyo simtoi siri, wakamwambia kudai deni haimo katika msaada wa bure. Akaona wanambagua. Ukweli ni kwamba sheria ya msaada wa kisheria ya 2016, ile iliyounda huduma ya taifa ya msaada wa kisheria, imetaja yasiyoingia, kuna kodi, kuna kudai madeni, kuna kufilisika, kuna kuharibiana jina, na makampuni hayasaidiwi. Lakini hawakumwacha hivi hivi, walimwelekeza kwenye utaratibu wa mahakama ya madai madogo, ni kwa madai yasiyozidi milioni moja, sheria inataka iamuliwe ndani ya siku 60 na unaweza kwenda mwenyewe bila wakili. Hata hilo ni msaada. Mirathi na talaka za Waislamu wanakuelekeza kwa kadhi, akikubali kila anayehusika, wanakusaidia kupanga makaratasi tu.

Na si kila mtu anachukuliwa mpaka mahakamani. Ushauri anapata yeyote, lakini kupewa wakili wanaangalia kipato, wanaangalia na kama kesi ina miguu. Ile ya katiba kwamba serikali itampa mtu wakili, hiyo ni kwa mshtakiwa wa jinai pale ambapo bila wakili haki itapotea, si kwa kila ugomvi wa shamba.

Nikiwa pale nikachomeka na swali langu mwenyewe, nisamehewe, foleni nilishaipanga. Sisi nyumba yetu ni kama nyumba nyingi za huku pwani, nyumba yetu, ardhi ya mtu. Tunalipa kodi ya ardhi kwa wakala wake tangu enzi za bibi. Sasa kuna maneno mtaani kwamba ardhi inauzwa, na vijana wanasema tusiondoke tumekaa zaidi ya miaka 12 kwa hiyo ni yetu. Msaidizi akaniuliza mnalipa mpaka leo? Nikasema ndio na risiti tunazo. Akasema basi hiyo ya miaka 12 haiwahusu, hiyo ni ya mtu aliyekaa kwenye ardhi ya mwenzie waziwazi bila ruhusa na bila kubughudhiwa, nyinyi mko kwa ruhusa na risiti zenyewe zinasema hivyo. Na hata huyo wa bila ruhusa haamki tu siku moja akawa na ardhi, lazima aende mahakama ya mazingira na ardhi aombe, na ardhi ya serikali haimo kabisa. Nilikasirika, sitadanganya, nilitaka jibu lingine. Lakini akaniambia la kutusaidia, risiti hizo hizo ndo zinaonyesha sisi si wavamizi, tusiache kulipa hata kama wakala anakataa kupokea, tulipe kwa njia inayoacha alama, na hata mtu anayeitwa skota, yani aliyekaa bila ruhusa, kwenye ardhi ya mtu binafsi sheria ya ardhi inataka apewe notisi ya maandishi ya miezi mitatu kabla ya kutolewa, kwa hiyo buldoza la asubuhi asubuhi si sheria. Nimewaambia majirani. Nusu hawanisemeshi.

Turudi kwa mjomba. Waliandika barua ya madai, wakili wao akaisaini, Kiingereza ilikuwa ya kwake lakini mjomba alisomewa yote kwa Kiswahili kabla haijatoka na akaulizwa kuna uongo humu? Akarekebisha mwaka mmoja. Menija akapewa siku 14. Mara ya kwanza alimpigia mjomba simu akifoka, mjomba akamjibu kama alivyofundishwa, maneno yote yapite kituoni, akakata. Wakili aliniambia isipolipwa, kwa mtu wa mshahara usiofika 80,000 kwa mwezi kesi inaanzia kwa hakimu hapa hapa Malindi, si lazima mahakama kubwa ya kazi, na ada za mahakama mtu asiyejiweza anaweza kuomba asamehewe. Akasema na hili ambalo naomba kila mfanyakazi wa villa na hoteli alisikie: madai ya kazi mwisho ni miaka 3, si 6 kama mikataba mingine, na ukitaka kulalamika kwa afisa wa leba kwamba umefukuzwa isivyo haki ni ndani ya miezi 3. Watu wanakaa wakingoja msimu urudi waitwe tena, msimu unarudi, hawaitwi, miaka inakwenda.

Haikufika mahakamani. Menija alikuja kituoni, safari hii mpole, akaanzia elfu arobaini, na baada ya kuvutana wakakubaliana 85,000 kwa mafungu matatu. Mimi nilikuwa nataka twende mbele mpaka shilingi ya mwisho. Mjomba akasema yeye ni mtu mzima, anataka kununua mbuzi na kulala, na yule binti hakumsukuma huku wala huku, alimweleza tu anachoacha ni kiasi gani na akamuuliza tena baada ya kutoka menija, akiwa peke yake. Makubaliano yaliandikwa kwa Kiswahili. Yamewekwa kwamba fungu moja likikosa, deni lote la mwanzo linasimama. Fungu la kwanza limeshaingia kwa M-Pesa, la pili halijafika siku yake.

Mkienda bebeni kitambulisho, barua yoyote hata iliyochanika, steitimenti za M-Pesa, picha za kazini, jina kamili la mwajiri si "Mtaliano wa villa nyeupe" maana hao ni wengi. Orijino zibaki kwenu, mpeane kopi. Pesa msimpe mtu, wameandika ukutani kwa herufi kubwa na wanamaanisha, mjomba alijaribu kumwachia binti hela ya soda akarudishiwa mkononi. Nendeni asubuhi, Ijumaa mchana msihangaike.

Dada wa usafi naye ameshafunguliwa faili lake, yeye miaka yake ni michache lakini kidogo chake ni chake. Mpishi ndo hatujampata, alihamia Watamu na nambari yake haiingii. Alikuwa kwenye villa hiyo kabla hata ya mjomba, kwa hiyo lake ni kubwa kuliko la wote. Anayemjua amwambie apite kituoni, na asisaini kitu kingine.